Nilivyoshindwa Kuitambua Simu Yangu Ukweni

Jamani, hii aibu ningeimeza nikanyamaza, lakini Bugarama nzima inaijua, soko la Kamembe linaijua, na juzi nilipokuwa navuka mpaka kwenda Bukavu mama mmoja muuza samaki, ambaye simjui hata kwa sura, alinisimamisha akaniuliza, "Ni weye ule muntu wa telefone?" Basi bora muisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi.

Mnanijua, mimi Espoir, nauza viatu Kamembe, na ugonjwa wangu ni simu. Kampuni kubwa ikitangaza kwamba inaleta mpya, mimi chakula hakishuki, na mtu akithubutu kusema kwamba hawa jamaa wameishiwa, kwamba kila mwaka wanaturudishia ileile wamehamisha tu tundu la kamera, nilikuwa nambishia mpaka mate yananikauka, utadhani kampuni ni ya shangazi yangu na mimi ndiye mrithi.

Sasa mwaka jana, nikiwa nimetoka kununua ile mpya kabisa (msiniulize niliuza nini kuipata), ikafika siku ya kwenda kwa kina Divine, Bugarama, kufanya kile Wanyarwanda wanachoita gufata irembo, yaani upande wa mvulana kubisha hodi rasmi, kusikilizwa na kupewa jibu kama mlango utafunguliwa au la. Divine nampenda, hilo niseme wazi. Tatizo lilikuwa baba yake. Papa Divine ana mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa maneno machache na misimamo mingi, na alikuwa ametuma neno mapema: "Sitoe mutoto yangu bila kusikia baba ya kijana." Na baba yangu, Mzee wangu, alikuwa Bukavu amelala na mguu wenye plasta, aliteleza akauvunja kwenye ule utelezi wao wakati wa mvua. Basi wakakubaliana kwamba Mzee arekodi maneno yake, nami niyafikishe yakiwa ndani ya simu yangu. Kwa hiyo mjue kabisa: bila sauti ile, hakuna jibu, na bila jibu hakuna Divine.

Msemaji wetu alikuwa Tonton Bahati, mdogo wake Mzee. Yeye ana kile kisimu cha vitufe, chenye tochi, amekifunga kwa mpira mwembamba ili betri isidondoke. Asubuhi hiyo nikamwambia, "Tonton, hiyo uache nyumbani, itatuaibisha." Akanitazama, akakiacha juu ya kabati. Kumbukeni hicho kisimu.

Lakini chanzo chenyewe cha balaa ni kitu kidogo mno. Tulipofika pale getini, joto la Bugarama linatupiga, shati limeshanata mgongoni, nikaitoa simu yangu kwenye kava. Kava ya kijani, Divine mwenyewe alininunulia. Hiyo kava nikaitia mfukoni, kwa sababu nilitaka ile simu ionekane mpya, ing'ae, mgongo wake usomeke kwamba huyu mkwe si mtu wa juzi. Hiyo tu. Kitendo cha sekunde, na ningejua ningeigandisha ile kava kwa gundi ya viatu.

Tukakaribishwa, tukaketi. Papa Divine akaiona simu kabla hajaniona mimi. Akatoa yake, nayo haina kava (yeye anasema kava ni ya waoga), akaiweka mezani karibu na yangu. Kampuni ileile, weusi uleule, kamera tatu kwenye kona ileile, ila ya kwake ameitumia miaka.

"Hii yako mupya," akasema, "inafanya nini yenye yangu haifanye?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, Papa, hata mimi sijui. Lakini mimi? Nikavuta pumzi nikaanza. "Papa, haziko sawa hata kidogo! Hii kamera inaona kwa giza, kioo ni ya aina ingine kabisa, na iko na akili yake yenyewe."

"Akili yake," akasema. "Na ya mwenyewe iko wapi?"

Watu wakacheka, Tonton Bahati naye akacheka (msaliti), mimi damu ikanipanda.

"Sikia, kijana," Papa Divine akaendelea, sauti imetulia kabisa. "Zamani hawa ba kampuni balikuwa banatuletea kitu, muntu anashangaa. Kuongea na muntu bila waya, tulishangaa. Kuona sura ya muntu mwenye iko Ulaya, tulishangaa. Sasa beye banabadilisha namba tu, kisha banalala. Fundi akinirudishia ile mashini yangu kila mwaka, anapiga rangi, ananiambia ni mupya, mi namufukuza."

"Papa," nikasema, na nilisimama kabisa, jamani, nilisimama ukweni, "hata munifunge macho, nikigusa tu, nitakuonyesha yangu ni gani!"

Maman Divine akaokoa hali. Nyumbani kwao kuna desturi yao, kwamba maneno ya ndoa yakianza, simu zote zinakusanywa kwenye ungo, ule wa kupepetea mchele, tangu mgeni mmoja alipopigiwa simu katikati ya sala. Akapita na ungo, kila mtu akaweka yake, akauweka juu ya meza ndogo kando. Simu za wengine zilikuwa na kava za maua na vioo vilivyopasuka. Zetu mbili zilikuwa uchi, zimelala bega kwa bega.

Tukala wali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambavyo mimi nilivitafuna bila kuonja. Sala ikasomwa. Tonton Bahati akasimama, akaongea vizuri, mpaka nikaanza kupata matumaini. Kisha Papa Divine akasafisha koo: "Bien. Sasa tusikie Mzee."

Nikaenda kwenye ungo kwa mwendo wa mtu anayejiamini, nikachukua simu, nikageuka kuwatazama wote, nikaiinua mbele ya uso wangu ifunguke. Haikufunguka.

Nikatabasamu. Nikaifuta jasho, nikajifuta na mimi jasho, nikainua tena. Wapi. Nikasogea dirishani penye mwanga, nikafumbua macho makubwa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, nikanuna, nikatabasamu tena, maana sikukumbuka siku ya kwanza niliisajili nikiwa nacheka au nimenuna. Haikunitaka. Ikaomba namba za siri. Nikaingiza, ikakataa. Nikaingiza polepole, moja moja, ikakataa, nikaingiza mwaka wangu wa kuzaliwa, nikaingiza wa Divine, ikakataa yote.

"Kuna nini?" Papa Divine akauliza.

"Inajilinda, Papa. Hizi mupya ziko na ulinzi mukali sana."

"Inakulinda na weye mwenyewe?"

Nikajaribu tena, sasa bila hata kuangalia ninachobonyeza, na ile simu ikaandika kwamba imefungwa, nijaribu baada ya saa moja. Sauti ya Mzee wangu imo humo, wakwe wananitazama, Divine amesimama mlangoni ameshika sinia, na mimi nimeshika kipande cha kioo. Nikaanza kupayuka kwamba yule muuzaji wa Kamembe amenitapeli, ameniuzia simu mbovu, nitamshitaki.

"Si umupigie tu baba yako," Maman Divine akasema kwa huruma. "Chukua telefone yoyote."

Namba yake siijui. Nani siku hizi anajua namba ya mtu kichwani? Nikamgeukia Tonton Bahati. Tonton akanitazama bila kupepesa, akasema polepole ili kila mtu asikie, "Yangu iko nayo hiyo namba. Iko Kamembe, juu ya kabati. Ulisema itatuaibisha."

Yebaba we! Nilitamani ardhi ipasuke.

Na palepale, kwenye ungo, simu ikalia. Ule mlio wa kampuni, ambao simu zote huja nao na ambao wala mimi wala Papa Divine hatukuwahi kuubadilisha. "Hiyo yangu," Papa Divine akasema, akanyoosha mkono, akaichukua ile nyeusi iliyobaki, na kwa kuwa jina hawezi kulisoma bila miwani, akapokea tu, akaweka sauti kubwa kama wazee wote.

"Espoir, mutoto yangu!" Ilikuwa sauti ya Mzee wangu, imejaa sebule nzima. "Banakubali ao bado? Nilikuambia, ule mzee ni mugumu, banasema hata jogoo yake inamuomba ruhusa mbele ya kuwika! Usibishane naye, unasikia? Akisema mvua inanyesha, hata jua ikiwaka, weye fungua parapluie!"

Papa Divine akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nimesikia," Papa Divine akasema.

"Eeh? Weye ni nani?"

"Mi njo mwenye jogoo."

Maman Divine akakimbilia jikoni na kanga mdomoni. Mzee wangu kule Bukavu akakata simu. Na hapo, taratibu, kila jicho pale sebuleni likatoka kwenye simu iliyo mkononi mwa Papa Divine likaja kwenye ile iliyo mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa kwamba nilikuwa nimeifunga simu ya baba mkwe. Mimi wa kufungwa macho. Mimi wa kugusa tu. (Ni kweli kwamba hata yeye aliikosea ya kwake, lakini nani kati yenu angethubutu kulisema hilo pale?)

Nikadhani atacheka. Hakucheka. Ilikuwa msimu wa mavuno, kulikuwa na lori la mnunuzi lililokuwa likimsubiri kinuni, naye alikuwa ampigie dereva kabla hajapakia kwingine, na namba imo humo kwenye simu iliyofungwa. Akaichukua simu yake kutoka mkononi mwangu, akasoma kwa kuisogeza mbali na macho, akauliza, "Saa moja?" Akavaa kofia yake, akatoka. Akatuacha sebuleni kwake, ugeni mzima, bila jibu.

Sijawahi kukaa kitini namna ile. Tonton Bahati alisinzia, au alijifanya. Mimi nilihesabu makosa yangu na kila nikifika mwisho nilikuta jingine. Divine akaja kutoa sahani, akainama karibu yangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Espoir, kava yangu iko wapi?" Nikaitoa mfukoni. Akaitazama ile kava ya kijani, akanitazama, machozi yanamlengalenga. "Ungeiacha tu," akasema, akaenda zake. Hakuna tusi lililowahi kuniuma hivyo.

Papa Divine akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Camion ya mupunga imeenda. Imepakia kwa mwingine." Nikajitupa kuomba radhi, akanyoosha kiganja. "Jibu yangu nitaipatia baba yako. Si kwa telefone. Akuje na miguu yake."

Wala si ndiyo, wala si hapana. Nilirudi Kamembe na neno hilo, nikakaa nalo wiki baada ya wiki nikingoja mfupa wa mtu mwingine uunge. Nilikonda. Wateja walikuwa wanauliza bei ya viatu, mimi najibu mambo ya plasta.

Siku Mzee alipovuka mpaka, na fimbo yake, na mwavuli wake mkuukuu (ndiyo hiyo parapluie), nilimshika mkono njia nzima mpaka Bugarama. Jua lilikuwa kali ajabu. Papa Divine alikuwa amesimama getini, mikono nyuma. Wakatazamana wazee wawili ambao hawajawahi kuonana. Kisha Papa Divine akainua uso mbinguni, penye weupe mtupu, akasema, "Mzee, leo mvua inanyesha sana."

Mzee wangu hakupepesa. Akaegemeza fimbo ukutani, akafungua mwavuli wake, akasimama chini yake.

Papa Divine akacheka mpaka akashika nguzo ya geti, akaingia chini ya ule mwavuli, wakaingia ndani wote wawili, na mimi nikabaki nje nalia kama mtoto. Jibu nililisikia kwa vigelegele vya Maman Divine.

Sasa Divine ni mke wangu, na simu yangu ile kava ya kijani haiivui, hata ikiingia mchanga. Nimeapa kwamba mambo ya nani amebuni nini, na kampuni gani imelala, sitabishana tena na mtu yeyote. Kiapo hicho kilijaribiwa Jumapili iliyopita. Tulikwenda kula Bugarama, na Papa Divine, baada ya sala, akaingiza mkono mfukoni akatoa simu mpya. Ya mwaka huu. Nyeusi, kamera tatu, kona ileile. Akaiweka mezani karibu na yangu, mimi nikaikamata ya kwangu kwa mikono miwili.

"Hii njo mupya," akasema, uso umemng'aa. "Ni kitu ingine kabisa. Unaona tofauti?"

Nikaitazama upande huu, nikaitazama upande ule. Divine amenikanyaga mguu chini ya meza.

"Naiona, Papa," nikasema. "Haziko sawa hata kidogo."

Tonton Bahati, pale kwenye kona na kisimu chake cha vitufe, akauliza kama kuna mtu amekuja na parapluie.