Mtihani Ulioombewa Dirishani

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoambiwa kwamba kiti ninachokalia si changu mpaka nifaulu mtihani. Kiti chenyewe kiko nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Kimepasuka mahali pa kuegemea, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu aliyekitamani. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kompyuta ya duka: mabati yaliyoingia, misumari iliyotoka, simiti iliyonyeshewa. Kompyuta ikikwama niliizima, nikaiwasha tena, na watu wakaniita mtaalamu.

Kisha mwenye duka akanunua mfumo mpya kutoka Nairobi. Familia yake ni ya Wahindi waliouza vitu mjini hapa tangu zamani za babu yake, na Kikikuyu chake ni safi kuliko changu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hulifanya tu mfanyakazi akifiwa.

"Hawa watu wanasema mfumo yao lazima iangaliwe na mtu ako na cheti," akasema. "Kama hatuna, wataleta wao. Ni kijana tu, na ako na vyeti tatu."

"Na mimi?"

"Wewe soma. Uko na mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ukipita, kazi ni yako."

Hakusema nisipopita itakuwaje, nami sikumuuliza. Nilijua ningepelekwa kaunta ya rangi, kukoroga makopo mpaka jioni na kurudi nyumbani na kucha za kijani. Aliyekuwa huko wakati huo alikuwa mtu mwema na hakuna aliyekumbuka alichokuwa akifanya kabla ya hapo.

Basi nikaanza kusoma. Nilisoma asubuhi kabla ya kazi, na saa ya chakula nikaenda ghalani, nikakaa juu ya mifuko ya simiti, karatasi zangu zikiwa ndani ya kitabu cha kupokelea mizigo ili nionekane nina shughuli. Kila swali lilianza na kampuni. Kampuni ina ofisi katika mabara matatu na haitaki data yake ipotee jengo moja likiungua. Ufanye nini kwanza? Mimi ningeita majirani. Jibu hilo halikuwa miongoni mwa yale manne.

Mambo yalinyooka nilipoacha kuziwazia hizo kampuni na kuanza kuwawazia wateja wetu. Kampuni ya ofisi tatu nikaifanya mzee mmoja tunayemuuzia mabati, mwenye maduka mawili na wake wawili, kila mke na duka lake. Sura nzima ya kitabu inayohusu nani aruhusiwe kuona nini ndani ya mfumo niliielewa mchana mmoja, kwa kujiuliza tu nani kati ya wale watu watatu akiona nini kutazuka vita. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nafaulu mitihani ya majaribio, na nikaanza kuwasahihisha watu wasioniuliza kitu.

Mtihani wenyewe ulifanyiwa mahali popote penye intaneti, kamera na mlango unaofungika. Kulikuwa na chuo kimoja Kerugoya chenye chumba cha mitihani, lakini kilifunguliwa siku za kazi tu, na siku za kazi mimi huwa kazini. Chumba ninachopanga mjini kiko juu ya kinyozi ambaye spika yake ni kubwa kuliko duka lake. Nikachagua Jumamosi alasiri, nyumbani kwa mama yangu, Wamagana, ambako kelele kubwa zaidi ni ya ng'ombe.

Nilifika mapema nikamweleza Mami masharti. Kuna mtu atakayeniangalia kwa kamera tangu mwanzo mpaka mwisho, kutoka nchi ambayo sikutajiwa. Sitakiwi kuinuka, kusema wala kutazama pembeni. Mtu yeyote asiingie. Sauti ya mtu mwingine ikisikika mara tatu, mtihani umekwisha. Mami alisikiliza akimenya nduma. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita maitu, yaani mama, hata anaponigombeza.

"Maitu, uko na kalamu?"

"Haina kalamu, Mami. Ni ya kompyuta."

"Mtihani gani haina kalamu?"

Nilipaswa kuliangalia vizuri swali hilo. Kwetu mtoto hafanyi mtihani hivi hivi. Nilipokuwa darasa la nane wazazi walikuja shuleni, mchungaji akatuambia tuinue kalamu zetu juu, nazo zikaombewa mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipomaliza sekondari ikawa vivyo hivyo. Katika akili ya Mami, mtihani usioombewa ni kama chapati isiyotiwa chumvi. Utaumeza, lakini utajua. Na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba huu ulikuwa mgumu kuliko yote, hauna hata kalamu ya kushika, na kuna mwanamume asiyejulikana atakuwa ananikodolea macho.

Saa tisa nikajifungia sebuleni. Msimamizi aliwasiliana nami kwa maandishi tu. Aliniamuru nizungushe laptopu aone chumba kizima. Alipoiona picha ya baba ukutani akauliza kama mtu huyo yumo nyumbani. Nikaandika kwamba hapana, alifariki. Akaandika asante. Kisha akaniambia niondoe vitambaa kwenye makochi ili aone hakuna kilichofichwa. Vitambaa hivyo Mami alivifuma mwenyewe na hakuna mgeni anayevigusa. Mchungaji mwenyewe akija hukaa ukingoni. Nikavitoa vyote kumi na vinne, nikamwonyesha makochi yakiwa matupu. Akaridhika, tukaanza.

Maswali yalikuwa sitini. Nilifika la ishirini na tatu nikiwa mtu mwenye furaha. Hapo nikasikia miguu kwenye majani, halafu mnong'ono, halafu minong'ono mingi.

Ni lazima niseme hapa kwamba Mami alitii kila neno. Nilikataza mtu kuingia, na hakuna aliyeingia. Kina mama saba wa kikundi chake cha kanisa walisimama nje, chini ya dirisha, wakashikana mikono. Nilikataza sauti, naye aliwaambia waombe polepole. Walianza polepole kweli. Lakini maombi ya kina mama wa kwetu hayajui kukaa chini. Yanapanda yenyewe, na yakishapanda kuna mmoja atakayeyapandisha zaidi.

Onyo la kwanza likatokea kwenye skrini: tunasikia sauti ya mtu mwingine. Nikaandika kwamba ni majirani, wanapita. Nje wakamshukuru Mungu kwa kutengeneza kompyuta. Wakaomba nikumbuke yote niliyosoma. Kisha mama mmoja mwenye sauti nzito akachukua nafasi, akamwombea yule mwanamume anayenitazama, kwamba popote alipo moyo wake ulainike, asimwonee mtoto wa watu. Wakati huohuo yule mwanamume alikuwa ananiandikia onyo la pili.

Sikuwa na la kufanya. Nikiinuka kuwanyamazisha, mtihani umekwisha. Nikiita, umekwisha. Nikiwaacha, umekwisha pia, ila kwa baraka. Nikajibu maswali upesi upesi, nikidhani labda nitawashinda mbio. Nilikuwa swali la arobaini na moja walipofika amina. Walisema amina kwa pamoja, kwa nguvu, na skrini ikawa nyeupe na maandishi machache katikati: mtihani umekatishwa. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nilimchukia kila mama pale nje, na wangu zaidi.

Nilirudisha vitambaa kwanza. Kisha nikafungua mlango.

"Umemaliza mapema!" Mami akasema. Kwetu anayemaliza mapema ndiye mwerevu. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba alipofariki. "Maitu, umepita?"

Wote saba wakanitazama. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, yenye makali pande zote.

"Nimepita, Mami."

Wakapiga vigelegele. Ng'ombe akajibu. Tukanywa chai na nduma, na yule mwenye sauti nzito akanishika mkono akaniuliza kama nilihisi kitu swali likiwa gumu. Nikamwambia nilihisi.

Kesho yake jioni Mami akanipigia simu. Alikuwa amesimama kanisani kutoa ushuhuda, akaeleza habari ya mtihani usio na kalamu, na kanisa lote likapiga makofi. Hapo ningeweza kusema. Nilimwambia asante, Mami, nikakata simu nikaketi kitandani na aibu yangu. Nilimwogopa kuliko nilivyoiogopa kaunta ya rangi.

Nilikuwa nimewaandikia wenye mtihani kuwaeleza kilichotokea, kwamba hao walikuwa kina mama wa kanisa wakiniombea nifaulu. Walijibu kwa adabu. Walisema masharti hayamruhusu mtahiniwa kusaidiwa na mtu yeyote mtihani unapoendelea, na kwamba barua yangu imethibitisha jambo hilo.

Jumatatu nilimwambia mwenye duka ukweli wote, maana yeye sikumwogopa kiasi hicho. Alivua miwani, akaipangusa.

"Walikuwa wanaomba ukiwa ndani? Kwa dirisha?"

"Kwa dirisha."

"Mama yangu pia angekuja," akasema. "Na angeingia." Kisha akafungua kalenda. "Chukua Jumatano ingine uende hiyo ya Kerugoya. Lakini ni hiyo tu. Wale wa Nairobi wanakuja wiki inayofuata."

Kerugoya nilienda bila kumwambia mtu. Chumba cha mitihani kilikuwa na meza nne na mlango mzito, nikapewa vifuniko vya masikio. Hakuna aliyenishukia na maonyo. Mara mbili nilijikuta nimeacha kujibu, nikisikiliza, na hakukuwa na kitu. Nilijibu maswali yote sitini, nikayarudia, nikabonyeza. Nimepita. Msichana wa mapokezi akanipa karatasi ikiwa bado na joto la mashine, akasema hongera bila kuinua macho.

Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara na hiyo karatasi. Nilikuwa nimefanya kazi kutwa na kusoma kwa miezi minne, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nyumbani nilikuwa nimeshafaulu karibu wiki mbili zilizopita. Watu walikuwa wameshapiga makofi. Nikampigia Mami nikiwa sijapanga la kusema.

"Mami, nimepita leo."

"Ingine?"

"Ni ile ile."

Nilisikia kuku wake.

"Kwa hivyo ile siku tulikuharibia."

"Ndiyo, Mami."

"Na ukaniacha nikasimama mbele ya watu."

"Ndiyo."

Akasema maziwa yanamwagika, akakata.

Alhamisi mwenye duka alisoma karatasi yangu mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu, akapiga simu Nairobi kuwaambia wasilete kijana wao. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kama saa moja hivi. Jumapili nikaenda Wamagana. Mami alinipokea kama kawaida, akanipa chai, akauliza habari za kazi. Nikamwambia imebaki kuwa yangu. Akasema ni vizuri. Tukaenda kanisani pamoja, tukakaa benchi moja, wale kina mama wenzake wakiwa mbele yetu.

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mami hakutikisika. Alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba wake, akitazama mbele. Mchungaji akauliza mara ya pili. Nilitazama viatu vyangu. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo Mami aliposimama.

"Bwana asifiwe," akasema. "Juzi nilisema hapa mtoto wangu amepita mtihani. Hakuwa amepita. Tulienda kumwombea na kelele, tukamharibia. Mimi sikuuliza vizuri, nikakimbilia kushukuru. Hiyo makosa ni yangu. Sasa amefanya tena, na amepita peke yake. Nilitaka tu mjue."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mwenye sauti nzito aliinamisha kichwa. Lakini Mami alikuwa ameuliza vizuri, aliniuliza uso kwa uso mlangoni kwake, na nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyelijua hilo mbali na yeye na wale saba.

Aliketi, akajitengeneza kitambaa cha kichwa. Nikamwinamia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ndiye niliyepaswa kusimama.

"Najua," akasema, bila kunitazama. "Ndio maana nilingoja."