Ndege Aliyeiga Mluzi wa Baba

Nilitoka Kindu kwa ajili ya mama. Baba mdogo, anayelima upande wa Pangi, alituma habari kwamba atafyeka kichaka cha kando ya kijito, tulimojificha wakati wa vita. Mama akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo 'njo' ni 'ndiyo', "Uende umuambie aache. Mule njo mulibakia sauti ya baba yenu."

Asubuhi nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, nikapanda pikipiki. Njia nzima, kila penye shamba na mipapai, alikuwako shorewanda, yule ndege mwenye manjano chini ya mkia. Huyo simhurumii hata kidogo. Ukikata msitu anahamia kwako na kula mapapai yako. Na kurumbiza, ndege wa kichaka chetu, je? Ana kifua cha rangi ya chungwa na utosi mweupe, hupenda kivuli kizito, na huiga kila sauti anayoisikia.

Wakati wa vita baba alikuwa akitutafutia mihogo, na akirudi hupiga mluzi: mfupi, mfupi, mrefu. Siku moja tuliusikia, tukatoka mbio, baba mdogo mbele. Tukamkuta kurumbiza juu ya tawi! Baba aliporudi alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo akawa anapiga mluzi, kisha anakohoa, maana ndege yule hakuweza kukohoa.

Nilifika Pangi jioni. Kulipokucha baba mdogo alinipeleka kijitoni, panga mkononi. Kichaka kilikuwa kimya.

"Unaona, mutoto wangu? Ile ndege ilishaendaka. Shorewanda iko mingi, inatosha."

"Baba mudogo, ungoje kwanza."

Nikapiga mluzi wa marehemu baba. Kimya. Nikarudia. Mara kutoka gizani mwa majani ukajibiwa: mfupi, mfupi, mrefu.

Tulisimama tukisubiri kikohozi.

Hakikuja. Baba mdogo akapangusa macho, akachomeka panga ardhini. "Basi nitalima kule juu, kwa shorewanda."

Nilirudi Kindu nimefurahi. Wajuzi wa ndege husema shorewanda na kurumbiza bado ni wengi duniani, nami sibishi. Ila safari hii imenifunza kuuliza pia: na kwetu, je, wamebaki wapi?

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na alikohoa?"

"Hapana, mama."

"Njo ndege basi," akasema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Njo ndege tu. Asante kwa kwenda kumuuliza na ule mluzi."