Propela Isiyoshikika

Nilipaswa kusema hapana tukiwa bado tumesimama uwanja wa ndege wa Lodwar. Mwenye ndege aliniuliza kama itafika Kakuma, nikamjibu, "Itafika." Nilijua sikupaswa kusema hivyo.

Asubuhi hiyo, nilipopaa kutoka Kakuma kuja Lodwar, mshale unaoonyesha mzunguko wa propela ulipita mstari mwekundu, ukakaa huko kama pumzi mbili, ndipo ukarudi. Fundi wetu, kaka wa mke wangu, alifungua kifuniko cha injini akanionyesha vidole vyake vyeusi.

"Shemeji, kidude kinachoshika mwendo wa propela kinavuja oili. Oili ikiisha, propela itazunguka inavyotaka. Tungoje kipya kutoka Nairobi."

Mwenye ndege alikuwa na pampu ya kisima ya kupeleka Kakuma, nzito, na mteja alikuwa akimpigia simu kila mara.

"Mzee, ni macho yamechoka?" akaniuliza mbele ya wapakizi. "Nitafute rubani kijana?"

Wakacheka. Hapo ndipo niliposema itafika. Nilijidanganya kwamba nikirudisha nyuma kidogo kijiti cha propela, kile kinachopunguza mzunguko wake, wakati wa kupaa, mshale hautafika kwenye mwekundu. Shemeji alinitazama, kisha akapanda.

"Nakuja kuisikiliza hiyo injini," akasema. "Masikio yako nayajua."

Ilikuwa saa saba mchana. Sisi huruka kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu joto la Lodwar huifanya hewa iwe nyepesi na ndege hupanda kwa shida. Tulipita juu ya miti ya mikoma kando ya mto Turkwel tukiwa chini mno. Lakini mshale ulitulia, nami nikaanza kupumua.

Kisha injini ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Mshale ukapita mwekundu. Nikavuta kijiti cha propela nyuma kabisa, na hakuna kilichobadilika.

"Punguza mafuta! Inua pua, mwendo upungue!" shemeji akapiga kelele.

Nikapunguza. Mshale ukarudi, lakini kwa mzigo ule na hewa ile ndege ikaanza kuzama. Nikaona mawe, mbuzi, kivuli chetu kikikua. Nilipaswa kukaa hivyo hivyo na kuitua lagani, kwenye mto mkavu wa mchanga uliokuwa mbele yetu, polepole, huku propela ikinitii kidogo. Hofu ya ardhi ikanishinda. Nikasukuma kijiti cha mafuta hadi mwisho.

"Usifanye hivyo, shemeji!" fundi akalia.

Injini ilivumilia labda dakika moja. Kikasikika kishindo, oili ikafunika kioo, propela ikasimama. Laga tulikuwa tumeshaipita. Nilitua kwenye mawe bila kuona mbele, na pampu ikakata kamba nyuma yetu ikatujia.

Mimi nilitoka na jeraha la paji la uso. Shemeji pampu ilimsaga mkono wa kulia, na hospitali wakaukata. Hajashika spana tena. Leseni yangu ilichukuliwa, na hilo ni haki. Mke wangu alihamia kwa kaka yake Katilu kumtunza. Nilimfuata mara mbili kumwomba arudi. Mara ya pili aliniambia hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyeonywa na fundi wake, bado akasema itafika. Naishi peke yangu.