Mubashara Kutoka Dirisha la Mshonaji

Kazini walimwita Kasuku. Kwa miaka tisa alisoma redioni yaliyoandikwa na wengine: vifo, ng'ombe waliopotea, maji kukatika. Alisoma vizuri, lakini hakuwahi kutangaza jambo likiwa linatokea. Kwa hiyo meneja alipompa fainali ya mpira wa wanawake, aliandika neno moja juu ya karatasi yake na kulipigia mstari: mubashara. Wiki nzima aliwaeleza wasikilizaji maana yake. "Mubashara ni hivi: mpira ukigonga mwamba kule, nawe unausikia hapo ulipo, saa ileile."

Siku ikafika. Dakika kumi kabla ya filimbi, habari ikaja kwamba gari la ripota wa uwanjani limezimika njiani.

Meneja hakutetereka. "Majina ya wachezaji unayo. Tunga. Nitakuwekea kelele za mashabiki wa mwaka jana."

"Na niseme mubashara?"

"Sema. Nani atajua?"

"Mama yangu! Dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama goli. Atajua kabla sijafunga mdomo, halafu mtaa mzima..."

Akakatiza maneno yake mwenyewe. Akavuta simu.

"Mama, acha cherehani. Nieleze unachokiona uwanjani. Uko hewani."

"Hewani? Na nywele sijachana!"

Meneja akashika kichwa.

Mama hakujua winga wala beki, alijua nguo. "Mpira anao yule aliyefumuka mshono wa bukta. Loo, kaangushwa na huyo mwenye shati linalompwaya!"

"Mgongoni ana namba ngapi, mama, huyo wa bukta?"

"Saba. Tena imebandikwa upande."

"Namba saba, wasikilizaji, nahodha wetu, yuko chini!" Kasuku alisema, akatupa karatasi kando. Hapakuwa na cha kusoma. Alimsikiliza mama, akatazama orodha ya namba, akatangaza, jasho likimtiririka.

Dakika ya themanini na nane, bado hakuna bao, mama akanyamaza.

"Mama?"

"Subiri... bukta iliyofumuka... kampita mmoja... kampita wa pili... mwanangu! Mwanangu!"

Kelele za uwanja mzima zikamiminika kupitia simu, kelele za mwaka huu.

"Gooooli!" Kasuku alikuwa amesimama juu ya kiti. Kutoka mtaani, redio ya kinyozi, ya muuza viatu na ya kila duka zilimrudishia sauti yake mwenyewe. Meneja naye alikuwa akirukaruka, kanda ya mwaka jana mkononi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, meneja alimkaribia taratibu. Hakumwita Kasuku.

"Mtangazaji," alisema, "hebu muulize mama kama Jumamosi ijayo atakuwepo nyumbani."

Simu ilikuwa bado wazi.

"Nitakuwepo," mama alijibu, wasikilizaji wote wakimsikia. "Na huyo binti aniletee bukta yake niishone."