Modemu ya Mama wa Saiba

Niliporudi Litein, mji wetu mdogo wa chai, ili niwe nikifanyia kazi nyumbani, nilipanga chumba juu ya saiba, yaani duka la intaneti, ya mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia huku zamani kutoka Nyeri. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu kuukuu, printa moja yenye hasira, na modemu moja tu ya intaneti. Modemu hiyo haikujua kupumzika. Mteja wa kompyuta ya kwanza akishatuma fomu yake, mama anaichomoa na kuichomeka kwa ya pili, kisha ya tatu, hivyo hivyo mpaka jioni.

Mimi ndimi niliyemharibia mambo. Kompyuta zake zilikuwa zimejaa virusi, nami kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nikamshawishi tuziwekee mfumo mwingine wa kuziendesha, ule wa bure unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia. Wiki ya kwanza alinisifu kwa kila mtu. Wiki ya pili kompyuta zikaanza kuganda.

Siku moja ya soko, mzee mmoja mkulima wa chai alikuwa akijaza fomu ya bintiye ya kuomba chuo, akitafuta herufi moja moja kwa kidole. Mama akachomoa modemu amsaidie kidogo mteja wa pembeni. Skrini ya mzee ikasimama pale pale. Tulipoizima kompyuta na kuiwasha tena, fomu ilikuwa tupu.

“Yote imeenda?” mzee akauliza.

“Yote, mzee. Pole sana.”

“Basi tuanze,” akasema, akavua kofia. “Sasa najua herufi ziko wapi.”

Nilimwandikia mwenyewe, uso ukiniwaka. Alipoondoka, mama akanigeukia.

“Injinia, hii kitu yako itanifukuzia watu.”

“Nitaangalia, mama.”

“Mimi nimeshaangalia. Haigandi kila mara. Nikichomoa wakati ile taa ndogo inawaka-waka, ndio inaganda. Ikiwa imetulia, hakuna shida.”

Sikumtilia maanani. Nilipanda chumbani nikafungua draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na modemu, nikaisoma siku mbili bila kuona kitu. Siku ya tatu nikakumbuka taa.

Ukichomeka modemu, draiva huomba kipande cha kumbukumbu ya kompyuta na kuweka humo kila inachojua kuihusu. Ukiichomoa, draiva hutakiwa kukirudisha kipande hicho, ili kipewe programu nyingine. Lakini draiva hii ilikuwa pia na kazi ndogo iliyoamka kila mara kukagua mtandao, na wakati huo ndipo taa ilipowaka-waka. Modemu ikichomolewa, draiva ilirudisha kumbukumbu bila kuisimamisha kazi ile. Kazi ikiamka, inaandika mambo yake mahali ambapo si pake tena, na kompyuta inaganda. Mama alikuwa amesema kweli tupu.

Nikaongeza mstari mmoja wa kuisimamisha kazi kwanza. Mama akachomoa modemu mara ishirini huku taa ikiwaka, wateja wakimtazama kama amechanganyikiwa, na kompyuta ikatulia. Nikatuma marekebisho yangu kwa mtunzaji wa sehemu ile ya mfumo, yule anayeyakagua kabla hayajakubaliwa, mtu wa nchi ya mbali ambaye sijawahi kumwona.

Jibu lake lilikuwa fupi na la heshima. Aliuliza: ukishaisimamisha kazi hiyo, ni nini kinachozuia isipangwe tena, ikiwa mtandao bado uko wazi?

Niliudhika. Nilitembea hadi kwenye mashamba ya chai nikibishana naye kichwani. Niliporudi nilimwomba mama achomoe tena, safari hii kompyuta ikiwa inapakua nyimbo za kwaya yake. Mara ya saba ikaganda.

“Huyo mtu wako anajua kazi,” mama akasema, akionekana kufurahi kuliko nilivyopenda.

Basi nikapanga upya. Kwanza mtandao unafungwa, asiwepo wa kuagiza kazi mpya. Kisha kazi inasimamishwa, na kama imeshaanza inangojewa imalize. Mwisho kabisa ndipo kumbukumbu inarudishwa. Ilikuwa mistari mitatu, na miwili kati yake ilihama tu mahali. Mama akachomoa mpaka akachoka, kwaya ikiendelea kupakuliwa, na hakuna kilichoganda.

Katika kazi hii ni desturi kumtaja aliyegundua hitilafu na aliyeijaribu. Nikamwomba mama ruhusa.

“Jina langu litaenda wapi?”

“Dunia nzima, mama.”

“Basi weka majina yote matatu. Usiandike Mama wa Saiba.”

“Na barua pepe yako?”

Kumbe mama huyu, aliyewafungulia nusu ya Litein barua pepe, hakuwa na yake. Tulicheka mpaka printa ikasahaulika na karatasi zikamwagika sakafuni. Akajifungulia moja hapo hapo, akinikataza kugusa hata kitufe kimoja.

Siku nne baadaye nilisikia vigelegele kutoka chini, nikashuka mbio. Mtunzaji alikuwa ameyakubali marekebisho, na jibu lake lilikuwa limemfikia mama kabla sijafungua langu. Alikuwa amesimama mbele ya wateja wake akiwasomea, na kila alipofika kwenye jina lake alisoma polepole zaidi.

“Tumjibu vizuri,” nikasema.

“Nimeshamjibu.”

Nikachungulia skrini. Barua ya mtunzaji ilikuwa imepitia orodha ya wote, naye alikuwa amewajibu wote, maelfu ya waandishi wa mfumo ule duniani kote, kwa Kiswahili: Asante sana, karibuni Litein, chai iko. Kabla sijamaliza kusoma, jibu likaingia kutoka kwa mtu wa Brazili aliyeitafsiri kwa kompyuta, akiuliza kama chai hiyo hutiwa maziwa.

Mama akavuta kiti, akaketi. “Huyu,” akasema, “lazima nimweleze polepole.”