Mpiga Pasi Aliyemjibu Muuguzi "Nzuri"

Saa moja asubuhi, mvuke umeshatanda kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hata watu wanatambuana kwa sauti. Mpiga pasi anatandaza foronya, anapitisha pasi, anageuza. Kisha anatazama vidole vyake vya kulia kimoja kimoja, kama mama anayehesabu watoto baada ya kutoka sokoni.

Anavitazama kwa sababu vyenyewe havimwambii kitu.

"Vimenyamaza," anasema. "Siku ile nilisikia harufu nikadhani shuka linaungua. Kumbe ni mimi."

Aliyemvuta mkono kutoka kwenye chuma ni mkunja mashuka, mwanamke wa kwao ambaye wote humwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja pale. Ngozi ilikuwa imeshageuka rangi. Mwenye mkono alikuwa bado anaendelea na hadithi yake.

Ajabu ni kwamba alijihesabu amepona. Mwaka wake wa kwanza ugenini mkono ulimuuma mpaka akawa anaulaza juu ya mto kama mtoto mchanga. Hospitali hakwenda. Alikotoka, mgonjwa ni yule aliyelala, majirani wakaja kumjulia hali. Hapa yeye alikuwa anasimama, anakula, anapiga pasi foronya mia tatu kwa zamu, na hakuna aliyebisha hodi kumpa pole. Asiyepewa pole anaumwa nini? Akauita uchovu. Na uchovu hauombewi ruhusa, maana siku usiyokwenda kazini haina malipo.

Kisha maumivu yakaondoka, ikaingia ganzi.

"Nikamshukuru Mungu," anasema, akicheka kwa aibu. "Nilidhani mwili umeuzoea ugeni."

Baada ya kuungua, Shangazi alimsukuma mpaka kliniki. Muuguzi alimuuliza, kwa lugha ya pale ambayo sasa anaimudu, anaendeleaje. Akajibu nzuri. Akaulizwa kama anasikia maumivu. Akajibu hapana, na ni kweli. Muuguzi akamfunga bendeji, akamtakia siku njema, akamwita mwingine.

Yeye akabaki amekaa, anasubiri kuulizwa tena. Kwao salamu haiishi mara moja. Unajibu nzuri hata kama ndani kuna msiba, unaulizwa za nyumbani, unajibu nzuri, unaulizwa za tangu juzi, ndipo unashusha pumzi na kusema, "Nzuri, ila..." Ugonjwa unakaa kwenye hiyo ila. Muuguzi hakuifikia.

Shangazi alimtania njia nzima. "Ulitaka akuulize mpaka habari za kuku?"

Angeachia hapo, kama si simu ya binti yake kutoka nyumbani. Binti ana mimba ya kwanza, na ameshasema mtoto hataogeshwa na mtu mwingine ila bibi yake, yaani yeye mpiga pasi. Likizo imeshaombwa. Mpiga pasi alipoweka simu chini, alichovya kidole kwenye kikombe cha chai kilichokuwa kinafuka moshi mbele yake.

"Kidole kikaniambia chai ni vuguvugu," anasema. "Nikamwona mtoto ndani ya beseni."

Alirudi kliniki asubuhi iliyofuata. Muuguzi yuleyule akamuuliza anaendeleaje. Safari hii aliimeza ile nzuri, akaona haya kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

"Vibaya," akasema. "Mkono wangu hausikii moto."

Hapo maswali yakaja mengi. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa penye kifundo cha mkono. Avae gango la kunyoosha kifundo anapolala, aache pasi, na pengine atafanyiwa upasuaji mdogo. Amechelewa, lakini hajachelewa kabisa. Kama vidole vitarudi vyote, daktari hakuahidi.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto ugenini, au mama, au dada, usikate simu kwenye "nzuri" ya kwanza. Uliza tena, na tena. Akikwambia maumivu yameisha yenyewe, usishangilie. Muulize yameishia wapi.

Hii ni wiki yake ya mwisho kwenye pasi. Jumatatu anahamia meza ya kukunja, kwa Shangazi, ambaye ameshaapa kumsalimia mara tatu kila siku. Mjukuu anatarajiwa baada ya mvua.

"Maji nitayapima kwa kiwiko," anasema, akikunja na kukunjua vidole. "Lakini shavu la mjukuu? Hilo nalitaka kwa mkono huu."