Walii Aliyenaswa na Mkanda

Ningeendelea kulinyamazia jambo hili kama lisingekuwa limekwisha kusimuliwa Kaole, Fukayosi na hata Vigwaza na watu ambao hawakuwapo, kila mmoja akitia chumvi yake (mmoja anadai nilikatwa kwa shoka, mwingine anaapa kwamba nililia kwa sauti), kwa hiyo nimeona heri aibu hii niiandike mwenyewe, kwa mpangilio, maana aibu ni yangu na ushahidi ninao mimi.

Kwanza mnijue. Hadi nilipostaafu nilikuwa mkaguzi wa shule, na kazi ile ilinizoeza kutoamini neno lisilo na maandishi. Mtu akiniambia mvua imenyesha Kaole, humuuliza kama ameiona au ameambiwa. Akisema ameambiwa, humuuliza na nani. Na akisita, mvua hiyo kwangu haijanyesha. Mke wangu, Mama Athumani, ameishi na mtindo huu kwa miaka mingi kwa subira ambayo sasa natambua ilikuwa ikijiwekea akiba.

Gari lenyewe ni lile dogo lililoinuka kidogo, la aina inayojifanya ya porini lakini ikiona dimbwi inasita. Jina la waliolitengeneza sitalitaja. Lilitoka Ujapani likiwa limetumika, na ndani ya kisanduku cha mbele nilikuta karatasi moja ya Kijapani yenye mchoro wa mkanda wa kiti na mhuri mwekundu wa kupendeza sana. Mimi Kijapani sijui hata salamu. Lakini mhuri naujua, na mchoro wa mkanda niliuona kwa macho yangu, nikahitimisha kwamba hiyo ni hati ya ukaguzi, inayothibitisha kuwa mikanda imepimwa na kufaulu. Nikaipeleka kupigwa plastiki isichakae. (Naomba mkumbuke kwamba mtu huyu aliwahi kumwandikia barua ya onyo mwalimu mkuu mmoja kwa kutia saini taarifa ambayo hakuisoma.)

Malalamiko yakaanza, na yaliletwa na Mama Athumani. Yeye yumo katika kundi la simu la wenye magari kama letu, watu wa Pwani na Dar es Salaam, wanaoamka asubuhi kulalamika na kulala wakilalamika.

"Baba Athumani, wenzetu wanasema magari haya yameitwa yarudishwe. Mkanda wa dereva unang'ang'ania, haufunguki."

"Wenzetu nani?"

"Wa kwenye kundi."

"Majina yao? Namba za magari yao? Wameandika kwa nani, na nakala kwa nani?"

"Juzi si ulikaa garini mpaka chai ikapoa, unapambana na hicho kitufe?"

"Nilikuwa natafakari," nilimjibu, kisha nikamwonyesha ile karatasi. "Tazama mhuri huu. Huu ndio ushahidi, siyo uvumi wa simu."

Aliutazama mhuri, akanitazama na mimi, akarudi jikoni kwake.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mwanangu Athumani alifariki akamwacha binti mmoja, Rukia, aliyelelewa Fukayosi kwa mama yake na sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari. Marehemu alinishika mkono hospitali akaniambia, "Baba, Rukia umwozeshe mwenyewe. Usimpe mtu." Nikaahidi. Basi Rukia alipochumbiwa na kijana wa Vigwaza, siku ikapangwa, na mimi babu yake ndiye walii, yaani mwozeshaji, hapakuwa na kazi duniani niliyoijali kuliko hiyo. Na haikuwa nyepesi, kwani wazee wa Vigwaza walikwisha kutukwaza na sisi tukawakwaza juu ya tarehe, na mara hii walisema wazi kwamba wakipitisha adhuhuri bila nikaha, watarudi kwao na mazungumzo yataanza upya.

Familia ilikodi Coaster ya kututoa kwetu Bagamoyo hadi Fukayosi, kwa bibi harusi. Nafasi yangu ilikuwapo, mbele kabisa, na kitambaa cheupe wameniwekea. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo uliozaa mengine yote: nilisema walii hawezi kufika kwenye nikaha akishuka kwenye basi kama mzigo wa viazi, nitakwenda na gari langu. Mama Athumani alisema, "Lile la mkanda?" Nikasema, "Lile la hati." Akaingia kiti cha nyuma na kikapu chake cha asumini.

Nilivaa kanzu na joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, nikavuta mkanda, ukagoma kuingia, nikausukuma kwa nguvu za haki mpaka ukalia. Tukaenda vizuri sana. Karibu na kuingia Fukayosi mbuzi wawili walikatiza barabara, nikakanyaga breki kwa ghafla, mkanda ukanibana tumbo na bega ukakaa hapohapo, na mimi nikasema moyoni kwamba hivyo ndivyo mkanda uliokaguliwa unavyofanya kazi.

Tulipofika uwanjani kwa mama yake Rukia, turubai limefungwa, spika zinalia kaswida, wanaume wameketi kwenye mikeka, watu wa Vigwaza safu ya mbele wamenyooka kama wanasubiri hukumu. Nikazima gari. Nikabonyeza kitufe chekundu. Hakikubonyea. Nikabonyeza tena huku nikitabasamu kwa watu (maana walikwisha kusimama kunipokea), nikabonyeza kwa vidole viwili, kisha kwa kisigino cha mkono, na tabasamu lile likaanza kuniuma mashavu.

"Shikamoo babu, karibu, shuka," walisema.

"Marahaba. Ninashuka."

Dakika zikapita ninashuka. Mama Athumani alikwisha kushuka, akasimama pembeni na kikapu chake, akitazama paa la nyumba kwa makini sana.

Ikabidi niseme. Akaitwa Kibwana, fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye heshima zake, akaingiza kichwa chini ya kifua changu na bisibisi mkononi. Alichokonoa, akapuliza, akarudisha kiti nyuma, mkanda ukanifuata. Akakileta mbele, ukanibana zaidi. Alipotoa kichwa alikuwa na sura ya daktari anayetafuta maneno.

"Mzee, kimevunjika ndani. Na uzi wa joho lako umemezwa humohumo. Hapa ni kukata tu."

"Hakikatwi kitu," nilisema. "Sheria ya usalama barabarani inanitaka nirudi nimefunga mkanda. Ukiukata, nitarudije Bagamoyo?"

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa hadharani. Sababu ya kweli, ambayo naiandika leo kwa mara ya kwanza, ni kwamba kuukata mkanda ule kulikuwa sawa na kutia saini kwamba lile kundi la simu lilisema kweli, na aliyesimama pembeni na asumini angeona saini hiyo.

Wanawake waliokuwa jikoni walikwisha kusogea. Bi Tatu, mpishi wa pilau, mwenye sauti inayofika bila spika, akasema, "Haya jamani, bwana harusi yuko huru, walii ndiye kafungwa!" Vigelegele. Mzee mmoja wa Vigwaza akamwambia mwenzake, kwa ile sauti ya chini inayokusudiwa kusikika, "Hawa mara ya kwanza walitusumbua kwa tarehe. Leo ni mkanda. Kesho sijui watasema nini."

Shehe, mtu mpole, akaja dirishani akatazama saa. "Mwalimu, nina nikaha nyingine Kiwangwa, na adhuhuri hiyo inaingia. Toa wakala. Mpe ami yake yeyote aozeshe kwa niaba yako, sheria inaruhusu."

"Sitoi wakala, Shehe. Nilimwahidi baba yake."

"Basi kubali ukatwe."

"Naomba dakika kumi."

Alikuwa amekwisha kunipa ishirini. Na bado kulikuwa na kizuizi kingine, kwa sababu kwa desturi yetu walii huingia ndani na mashahidi wawili, akasimama mlangoni pa chumba cha bibi harusi na kumwomba idhini ya kumwozesha. Bila idhini yake mwenyewe hakuna kinachoendelea. Mimi kufika mlangoni nisingeweza, labda niende na gari. Wazee wakaanza kunong'onezana. Wawili wa Vigwaza walisimama wakakung'uta kanzu zao, wakaanza kutafuta viatu.

Mara mlango wa pili wa gari ukafunguka, akaingia Rukia.

Ndugu zangu, bibi harusi wa kwetu hatoki nje kabla ya nikaha. Uwanja wote uliguna kwa pamoja. Alikuwa amejifunika ushungi mpaka machoni, hina mpaka viwikoni, shangazi zake watatu wanamshika nguo kutoka nyuma na yeye hawasikilizi. Akafunga mlango, akaketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Rudi ndani, hii ni aibu."

"Aibu ipo tayari, babu, nimekuja kuikuta. Umekuja kuniomba idhini, nami nimekuja kukupa." Mashahidi wawili wakasogea dirishani, mmoja kila upande, kama askari. Rukia alikuwa anatokwa jasho. Akafungua kisanduku cha mbele kutafuta kitambaa, akatoa ile karatasi ya plastiki.

"Na hii ni nini?"

"Hati ya ukaguzi," nilisema, ingawa sauti yangu haikuwa na mhuri tena.

Aliugeuza ule mchoro wa mkanda huku na huku. Kisha akatoa simu ndani ya ushungi (nilishangaa, sikujua bibi harusi hubeba simu), akailekeza kamera yake kwenye Kijapani kile, na maneno ya Kiswahili yakajipanga kwenye kioo. Alisoma kimya. Nikaona macho yake yanacheka, kisha yakaacha kucheka.

"Babu, ni nani aliyenifundisha niulize ushahidi kabla ya kuamini?"

"Mimi."

"Basi idhini yangu ina sharti, na mashahidi wasikie. Chukua kipaza sauti, usome hii kwa watu wote, halafu ukatwe. Baba alitaka uniozeshe wewe. Hakutaka niozeshwe na gari."

Nilimtazama. Ana paji la uso la Athumani, na alipokaza taya nilimwona mwanangu pale alivyokuwa akikataa uji. Nikanyoosha mkono nikaomba kipaza sauti.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, katika joho, nikiwa nimefungwa kwenye kiti, niliwasomea watu wa Fukayosi na wageni wao kwa spika mbili kubwa maneno haya, ambayo bado nayakumbuka: "Mheshimiwa mmiliki, tunakuomba radhi kwa moyo wote. Kitufe cha kufungulia mkanda wa dereva kinaweza kuvunjika kwa ndani, na mkanda usifunguke. Tafadhali usiendelee kulitumia gari hili. Lirudishe kwa muuzaji libadilishiwe kifaa hicho bila malipo." Wazee wawili waliochelewa kufika, wakidhani ni hotuba ya ndoa, waliitikia amina.

"Kateni," nilisema.

Kisu cha Kibwana kilikuwa butu. Kilichofaa kilikuwa cha Bi Tatu, nacho kilitoka moja kwa moja kwenye vitunguu, kwa hiyo machozi yaliyoonekana usoni mwangu mnaweza kuyaweka katika hesabu ya vitunguu, na mimi sitawabishia. Alikata mwenyewe begani, akakata kiunoni, akakata na uzi wa dhahabu wa joho, akisema, "Toka mzee, umeiva." Nikatoka. Rukia akarudi ndani kwa mkupuo mmoja, shangazi wakimfuata kama vifaranga, na wale wawili wa Vigwaza wakavua viatu tena.

Nikaketi mbele ya bwana harusi, nikamshika mkono, nikamwozesha Rukia binti Athumani mara tatu, kwa kauli yangu, kwa mdomo wangu, na mara ya tatu, nilipofika kwenye jina la mwanangu, nikalirudia kabla ya kuendelea. Shehe alisubiri. Hakutazama saa.

Gari lilibaki Fukayosi hadi lilipofuatwa na kubebwa. Nilimwandikia muuzaji barua ya malalamiko, kurasa tatu, nakala nne. Alinijibu kwa kunitumia sauti kwenye simu, jambo lililonikera, lakini kifaa kilibadilishwa. Na katika kundi lile la wenye magari mimi sasa ni mwanachama, na nasikia wananilalamikia kwa urefu wa ujumbe wangu. Nimeomba waandike majina yao.

Jioni ile ya harusi tulirudi Bagamoyo na Coaster. Nafasi yangu ya mbele ilikuwa bado ipo, na kitambaa cheupe. Mama Athumani aliketi kando yangu. Tangu asubuhi hakuwa ametamka lile neno la "nilikuambia" ambalo mke yeyote angelitamka, nami nililisubiri Fukayosi nzima, nikalisubiri njiani, mpaka nikaanza kutamani aliseme yaishe. Dereva alipowasha gari, akanigeukia, akauliza kwa upole, abiria wote wakisikia:

"Baba Athumani, umefunga mkanda?"

Coaster nzima iliangua kicheko. Mimi niliushika ule mkanda, nikautazama, nikamrudishia Mama Athumani swali lake.

"Wewe unaonaje?" nilimuuliza. "Nifunge?"

Na tangu siku ile nimeweka nadhiri, na nimeiandika: mke wangu akiniambia kuna hitilafu, nitatengeneza kwanza, na ushahidi nitaudai baadaye, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu nje ya gari.